Kigari cha Dizeli Nyuma ya Magunia ya Viazi

Jumapili, 3 Agosti 2025. Kibirichia.

Nimeficha gari.

Haya, nimeliandika. Tangu Juni nimelibeba neno hili kifuani, na kifua chenyewe, kwa maneno ya daktari wa Meru, hakina tena nguvu ya kubeba kitu. Moyo umepanuka. Alinionyesha picha yake. Ulikuwa kama kiazi kilichonyeshewa kupita kiasi. Akaniambia nisipande ngazi, nisile chumvi, nisikasirike. Ngazi na chumvi nitajitahidi.

Kwa hiyo kabla sijaenda, ukweli. Ndani ya ghala la viazi, nyuma ya magunia, chini ya turubai na mabua makavu ya maharagwe, kuna kigari cha buluu cha dizeli. Kidogo. Usukani upande wetu. Meneja mzungu wa shamba la maua kule Timau alikileta kutoka Uingereza, na alipokuwa akirudi kwao akaniuzia mimi. Aliniapia kwamba kinakunywa kama ndege. Nikauza mikaratusi yangu ya bondeni. Dereva wake alikileta Jumapili moja watu wote wakiwa kanisani. Mimi nilisingizia homa. Mungu si mchezo: jioni homa ilikuja kweli.

Kwa nini nikifiche? Kwa sababu magari haya wanatuficha! Nilikuwa mkaguzi wa shule, Meru, Embu, mpaka Mbeere kule Kiambere kwenye bwawa. Tulizunguka kwa Land Rover ya serikali, ya dizeli, na tanki lilikuwa haliishi. Sasa nauliza. Ikiwa dizeli hula kidogo hivyo, na huko Ulaya hata makasisi wana vigari vya dizeli, mbona hapa kwetu kila kigari kidogo ni cha petroli? Tingatinga, dizeli. Lori, dizeli. Tajiri na gari lake kama nyumba, dizeli. Mwalimu mstaafu, petroli! Hiyo si bahati mbaya. Kuna kikao kilikaliwa.

Mshukiwa wa kwanza: Kaimenyi, kaka ya mke wangu, mwenye kituo cha mafuta pale sokoni. Muuza mafuta hawezi kupenda gari lisilokunywa. Ni kweli anauza dizeli pia. Hiyo ndiyo janja yenyewe.

Mke wangu Ciakuthii hajui lolote. Mtoto wa jicho amemfunga la kulia kabisa, na la kushoto limebaki ukungu. Hasomi tena nyimbo za kanisani. Anaimba kwa kumbukumbu na kuruka ubeti. Alhamisi ya wiki ijayo, tarehe kumi na nne, madaktari wa macho wanapita Embu kwa siku moja tu, na jina lake limo. Akikosa, atangoja mwaka mwingine, tena gizani.

Nimemwambia asiwe na wasiwasi. Nitampeleka mimi. Usafiri upo.

Jumatatu, 4 Agosti

Nimekiwasha asubuhi kama kawaida. Dakika chache, mlango ukiwa umerudishwa, kisha nazima. Injini isipoamshwa huganda. Hilo nalijua kutokana na magoti yangu. Sauti inamezwa na mashine ya jirani ya kukatia ng'ombe majani.

Maficho ya kipekee haya. Hakuna mtu wa Kibirichia mwenye akili timamu anayefungua ghala ovyo. Mwanga ukiingia, viazi hugeuka kijani, na kiazi cha kijani hakina mnunuzi. Mtu akikaribia mlango napiga kelele: Mwanga! Anaomba msamaha na kurudi.

Tatizo ni Ciakuthii. Yeye huchambua viazi kwa vidole siku hizi, na vidole vyake vina akili. Leo ameniuliza kwa nini viazi vya magunia ya nyuma vimeota kabla ya wakati, kana kwamba vimelala karibu na jiko. Nikamwambia ni mabadiliko ya tabianchi. Akasema kumbe.

Kisha Kaimenyi! Amekuja na mkate na sukari, amevaa kofia ya Jumapili siku ya Jumatatu. Eti Inspekta, dada yangu nitampeleka Embu mwenyewe kwa Probox yangu. Nikamjibu usafiri umeshapangwa. Akauliza usafiri gani, shemeji, mkokoteni wa punda ama ndege ya serikali? Akacheka mpaka kofia ikaanguka. Ghafla akanyamaza. Akainua pua. Akanusa!

Akauliza nani hapa ana tingatinga. Nikasema ni chai imeungua. Akainywa chai hiyo hiyo mpaka mwisho, kimya.

Mtu anayenyamaza haraka namna hiyo amejua jambo.

Jumanne, 5 Agosti

Uchunguzi. Binti yetu Kendi, anayekodisha vyumba kwa wanafunzi kule Nchiru, alikuja kuchukua viazi. Nikamwomba anifikishe Meru mjini kwa ajili ya dawa. Akaenda madukani kwa shughuli zake. Mimi nikaingia yadi ya magari.

Binti wa mauzo alikuwa na jina kifuani: Winrose. Nikamuuliza vigari vidogo vya dizeli viko wapi. Akasema hawana. Nikamuuliza wamevificha wapi. Akatabasamu kama muuguzi anayetafuta mshipa.

Akaeleza hivi. Magari yao karibu yote yanatoka Japani, kwa kuwa Mjapani naye huendesha upande wetu, na serikali haikubali gari lililopita miaka minane. Sisi tunavaa kile Mjapani amevua. Na Mjapani wa mjini, akasema, aliachana na vigari vya dizeli zamani, kwa sababu ya moshi. Anataka petroli, au yale ya petroli na betri pamoja. Dizeli kawaachia wenye malori. Nikamuuliza, na ya Uingereza? Akashusha sauti. (Kwa nini ashushe sauti?) Akasema waliwahi kuleta machache. Yana filta ya kukamata masizi, na wateja wa hapa ni wa nyumbani-sokoni, sokoni-nyumbani. Haikupita miezi mingi wakayarudisha kwa matusi. "Mzee, sisi tunauza kitu ikitoka haturudishiwi."

Maelezo mazuri mno. Ukweli huwa na matope kidogo. Huu ulikuwa umeoshwa.

Nikamuuliza ni wa nyumba gani. Akasema mama yake anatoka ukoo fulani. Ukoo wa Kaimenyi! Nilitoka pale bila kuaga. Garini Kendi akanikumbusha kwamba huo ni ukoo wa mama yake pia, yaani mke wangu. Nikamwambia hiyo ndiyo hatari yenyewe, wamenizunguka.

Kendi aliuliza dawa iko wapi. Nikasema imeisha dukani.

Jumatano, 6 Agosti

Taa ya njano imewaka kwenye dashibodi. Picha ya kisanduku chenye vidoti ndani. Injini inatetemeka na inakohoa.

Nimebandika plasta juu ya taa. Tangu hapo hakuna tatizo linaloonekana.

Nimeongeza mafuta, jerikeni moja. Nanunua kwa Bundi, dereva wa tingatinga, nisikanyage kwa Kaimenyi. Yana harufu kama ya taa ya chemli. Bundi asema hiyo ni dalili ya dizeli kali.

Ijumaa, 8 Agosti

Kukohoa kumezidi. Nikamwita Swaib, fundi wa Majengo kule Meru mjini, mtu wa dini, baba yake alikuwa na bucha. Nilimwagiza aje baada ya swala akijifanya mnunuzi wa viazi. Akaja na mizani ya kupimia magunia mkononi, kama tulivyopatana, na mgongoni kwa ovaroli maandishi makubwa: FUNDI WA DIZELI.

Nikamwingiza upesi. Nikamtaka aape hatasema. Akasema, mzee wangu, mimi nimeshaapa kwa mambo makubwa kuliko viazi.

Akaona plasta. Akaniuliza taa ilijikata na nini. Akaibandua, akatazama, akauliza gari limetembea wapi tangu Juni. Nikasema hapa. Hapa wapi? Hapa liliposimama. Akavua kofia yake, akajikuna kichwa, akaivaa tena.

Kisha akaniambia mambo, polepole, kama mtu anayeeleza msiba. Filta ya gari hili, alisema, ni kama bomba la jiko. Ukiwasha kuni kila asubuhi na kuzizima kabla hazijashika, bomba linajaa masizi. Moto ukiwa mkali, masizi yanaungua yenyewe na bomba linasafika. Kigari hiki kinataka barabara kubwa, mbio, mpaka kipate joto la kweli. "Wewe umekilisha moshi wake mwenyewe, mzee wangu, asubuhi na asubuhi." Ndiyo maana, akasema, wenye yadi wanaviogopa. Si gari baya. Ni gari la mtu anayeenda mbali.

Akanusa jerikeni ya Bundi. Akasema hayo ni mafuta taa yaliyotiwa dizeli kidogo kwa heshima.

Maneno yale yale ya Winrose! Filta, masizi, nyumbani-sokoni. Watu wawili wasiojuana hawawezi kusema jambo moja isipokuwa wamefundishwa na mtu mmoja.

Alijitolea kukiendesha mpaka Timau na kurudi, kikazibuke. Nikakataa. Atapita mbele ya kituo cha Kaimenyi. Nikasema nitakiendesha mwenyewe. Akauliza lini. Nikasema hali ya hewa ikiruhusu.

Jumamosi, 9 Agosti

Ukungu. Mguu wa kulia umevimba. Tena Salesio, yule anayechoma mahindi, ameweka jiko lake mbele ya lango letu na macho yake yako barabarani. Nani alimweka pale? Siwezi kutoka.

Lakini nilisoma fizikia, na fizikia haijanisahau. Nikafikiri. Kinachotakiwa si barabara. Kinachotakiwa ni joto! Swaib alisema mwenyewe. Na joto halijui kama gurudumu linazunguka au limesimama.

Mpango: kukipa safari kikiwa kimesimama. Gia niliiacha kama dereva wa mzungu alivyoiacha, sikuigusa. Nikawasha. Nikaweka jiwe la kusagia juu ya pedali ya mafuta. Kikanguruma! Nikatoka haraka, nikafunga mlango ili joto lisipotee, nikaketi nje na bakuli la uji kungoja sayansi.

Naandika haya nikinuka unga wa kizima moto.

Bomba la moshi lilipata joto, hilo lazima lisemwe. Lilipata joto lililotakiwa na kupita. Chini yake kulikuwa na mabua ya maharagwe, makavu kama karatasi. Moshi ukatoka kila tundu la mabati. Salesio akapiga mayowe kwamba viazi vya Inspekta vinaungua. Watu wakajaa uani kabla sijameza uji. Na nani akaja akikimbia kutoka sokoni, tumbo mbele, kizima moto chekundu begani? Kaimenyi. Akaupiga mlango teke. Akapuliza viazi. Akapuliza gari. Akanipuliza na mimi, nadhani kwa bahati mbaya, ingawa nitalichunguza hilo.

Unga ulipotulia, turubai lilikuwa limekwisha. Kigari kilisimama pale mbele ya kijiji kizima, cha buluu na cheupe.

Ciakuthii akaja akifuata ukuta kwa mkono. Akafika, akaweka kiganja kwenye boneti, akakiondoa kwa moto, akakirudisha kwenye mlango. Akapapasa mpaka kwenye kioo cha pembeni. Akauliza rangi gani. Nikasema buluu.

Akasema, "Baba Kendi, viazi havikohoi kila asubuhi." Alikuwa amejua tangu Juni. Viazi vilivyoota, harufu kwenye shuka, homa ya Jumapili ile. Alinyamaza kwa kuwa alidhani namwandalia jambo la kumfurahisha siku ya Embu, na hakutaka kuliharibu.

Kaimenyi hakucheka. Afadhali angecheka.

Jumapili, 10 Agosti

Kaimenyi alikuwa anangoja kanisa. Wakati wa ushuhuda akasimama, akamshukuru Mungu aliyemwokoa dada yake na gari lililokuwa likipikwa pamoja na viazi. Kwaya ilicheka. Mchungaji akawaombea wazee wetu na mipango yao.

Nimejiuliza swali moja tangu jana. Ni mtu gani anakuwa na kizima moto tayari, kimejaa, isipokuwa yule aliyejua kutakuwa na moto? Nimemuuliza Kendi kwa simu. Akasema, Baba, ni mtu mwenye kituo cha mafuta. Huyu mtoto nilimsomesha bure.

Viazi vinanuka dizeli. Mnunuzi amevinusa akaondoka bila kuaga. Ciakuthii amechemsha vichache kwa majaribio. Vinalika, ila mtu asipige kiberiti karibu yako.

Jioni Kaimenyi amekuja tena, kwa upole, na huo upole ndio unaonitisha. Akasema shemeji, tucheke mengine yote, lakini Alhamisi si mchezo. Njia ya Chuka ina miteremko, kule mtoni Thuci kuna kona, na dada yangu si mzigo wa majaribio. Nikamwambia muuza petroli anatetemeka. Akasema anatetemeka kweli, lakini si kwa petroli.

Ciakuthii alikuwa akimenya. Hakuinua kichwa. Akasema atapanda lile litakaloondoka. Likiwa la mume wake atafurahi zaidi. Lakini Alhamisi asubuhi atapanda lile litakaloondoka, na hataki kusikia habari za Wajapani.

Jumatano, 13 Agosti

Swaib amekaa hapa juzi na jana na leo. Amefungua filta, ameiosha, amemwaga mafuta ya Bundi yote, na mabaki hayo hata mbwa aliyakimbia. Ametia dizeli mpya. Nikamuuliza ameitoa wapi, safi namna ile. Kwa Kaimenyi, akasema, hakuna safi kuliko yake hapa. Nililazimika kuketi.

Lakini leo mchana alinipandisha, yeye usukani, mimi kando, tukashika barabara kubwa ya kuelekea Timau. Niandike nini? Kigari kiliteleza kama uji kooni. Ngano pande zote mbili, mlima umejifunika kichwa, na mshale wa mafuta umelala palepale. Swaib akakikanyaga. Nyuma kikatoa moshi mzito mara moja, kama mzee anayesafisha koo kabla ya kusema, kisha kikanyamaza na kuwa kama kipya. Nililia kidogo. Nilimwambia ni vumbi.

Nilikuwa sahihi! Kinakunywa kama ndege. Wametuficha!

Swaib akasema kilichobaki ni kwenda mbali, na Embu yenyewe ni dawa. Akajitolea kutuendesha kesho. Nikamshukuru, nikakataa. Mke wangu hatapelekwa kwa daktari na mtu wa kukodi, kama maiti. Nitampeleka mimi. Akanitazama muda mrefu. Akaniwekea gari uani, uso langoni, akaacha funguo.

Kendi amepiga simu kuuliza kama leseni yangu bado iko hai. Nikamwambia leseni ya mtu wa umri wangu ni mvi. Akasema Baba, nakuuliza jambo la kweli. Simu ilikatika. Niliikata.

Alhamisi, 14 Agosti

Ciakuthii alikuwa garini kabla jogoo hawajamaliza. Kitambaa cheupe kichwani, kile cha harusi ya Kendi. Mkoba magotini, Biblia ndani yake ingawa hawezi kuisoma, chupa ya chai kati ya miguu. Alikuwa amejifunga mkanda mwenyewe, kwa kupapasa. Akasema kiti kinanukia vizuri.

Nje ya lango, Probox ya Kaimenyi. Injini ikiwaka. Alisema amesimama tu kupumzika. Alfajiri!

Nikaketi. Nikageuza ufunguo. Kikaitika mara moja, laini. Nikashika usukani. Nikatazama chini, kisha mbele. Lango lilikuwa wazi.

Moyo. Daktari alionya.

Muda ukapita. Ciakuthii akauliza, Baba Kendi, ni nini? Nikasema nadhani usukani umechezewa. Akauliza na nani. Nikasema ndilo swali. Akanyoosha mkono akitafuta wangu, akaukuta juu ya gia. Akaushika.

Akafungua mkanda. Akatoka, akafuata ubavu wa gari kwa kiganja mpaka ukaisha, akasimama penye nafasi tupu kati ya magari mawili, akaita: "Kaimenyi! Njoo unishike mkono." Akaja mbio. Alinitazama kupitia kioo, na sikuona kicheko popote usoni mwake, nilitafuta.

Wameondoka. Kwa petroli.

Nimezima. Chupa ya chai ameisahau. Nimeinywa humu ndani ya gari, peke yangu.

Jumatano, 20 Agosti

Anaona!

Wamemrudisha Jumamosi na pamba jichoni, na Jumapili Kendi akaitoa kama walivyoelekezwa. Jicho la kushoto. La kulia watalifanya wakirudi. Alikaa mlangoni na kutazama kila kitu kama mgeni wa serikali: kuku, ukuta, buibui wa dari ambao anasema ni aibu kwa Mkristo. Kisha akanitazama mimi. Akasema, mbona umezeeka hivi na hakuna aliyeniambia?

Ametembea ghalani mwenyewe. Amechambua viazi kwa jicho. Amesimama mbele ya kigari, akasema buluu ile ni nzuri kuliko alivyoiwazia.

Kaimenyi amekuja na jerikeni ya dizeli safi, zawadi. Zawadi! Akasema, Inspekta, pole, lakini ni gari zuri, usiliache lioze. Alipoondoka nikaimwaga nyuma ya migomba. Nimenunua kwa Bundi.

Asubuhi nakiwasha dakika chache, kisha nazima. Leo taa ya njano imerudi. Plasta ipo. Na nimesikia kule Nanyuki kuna mzungu mwingine anayerudi kwao, naye ana kigari cha dizeli, chekundu, kidogo zaidi. Nimemtuma Salesio aulize, kimyakimya. Ghala lina nafasi. Mikaratusi ya mtoni nayo imekomaa.

Hivi sasa Ciakuthii ameingia na uji. Amesema kesho nimpeleke sokoni kwa kigari, polepole, wawili tu. Si kununua kitu. Anataka kuiona barabara. Nikasema sawa, hali ya hewa ikiruhusu. Akatazama dirishani. Jua lilikuwa limewaka, na mlima umefunguka mpaka theluji. Akanigeukia, akaniangalia kwa jicho hilo jipya, bila haraka, jinsi anavyoangalia kiazi kabla ya kuamua ni cha gunia lipi.

Akatoka. Nimesikia akicheka jikoni peke yake.

Basi niandike, kwa kuwa moyo hautangoja. Haukuwa ukungu. Haukuwa mguu. Usukani hakuna aliyeuchezea, na Kaimenyi siku ile hakufanya lolote ila kungoja, ingawa kwa mengine yote bado namshuku.

Sijui kuendesha gari. Sijawahi kujua.